Muulize Shangazi: "Nikimeza dawa, nani anabaki?"

Mwezi huu nimeyaweka kando maswali mengine yote, kwa sababu ndani ya siku chache ziliingia barua tatu ambazo, nilipozipanga pamoja mezani, niliona zinauliza jambo moja. Zote zinahusu bipola. Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba ugonjwa huo ninao mwenyewe: niliambiwa jina lake nikiwa na miaka 28, na sasa nina 54. Kwa mnaokutana nalo leo, bipola humpandisha mtu na kumshusha. Anapopanda, kwa wiki nzima au zaidi, usingizi unamkimbia na wala haoni haja nao, anaongea kwa kasi, mipango inazaa mipango, pesa zinamtoka, na anajiona hana kikomo. Hali hiyo huitwa mania, na ipo nyepesi yake ambayo majirani huiona kama uchangamfu tu. Anaposhuka huingia kwenye sonona, ambako hata kuoga ni kazi ya siku nzima. Katikati kuna vipindi vya utulivu, na hivyo ndivyo watu husahau kuvihesabu.

Mimi si daktari. Ninachokijua kuhusu dawa ni kile ambacho mgonjwa wa miaka 26 hana budi kukijua. Mambo ya dozi yamalizeni na daktari wenu.

*

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29 na kazi yangu ni kubuni mavazi. Mwaka jana nililazwa wiki tatu, nikatoka na jina la ugonjwa na vidonge vya lithiamu. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa rangi. Niliweza kukesha usiku nne mfululizo nikichora, na asubuhi michoro imejaa sakafu nzima. Watu walinipenda nikiwa hivyo. Sasa nalala kwa saa nane kila usiku, mkono unatetemeka nikishika penseli, na nikikaa mbele ya karatasi nyeupe hakiji kitu. Mama anasema nimepona. Mimi naona kama kuna mtu amezikwa na mwingine amelazwa kitandani pake. Kwa siku 11 sasa kidonge cha usiku nakiweka chini ya ulimi, mama akiondoka nakitema. Niambie Shangazi: yule wa zamani ndiye mimi, na huyu ni dawa? Au yule alikuwa ugonjwa, na mimi sikuwahi kuwepo? Mimi ni bipola, hilo nimelikubali. Nisichojua ni kama kuna kingine zaidi ya hicho. — Penseli

Marahaba, mwanangu.

Naanza na zile siku 11, maana mengine yanaweza kusubiri. Ukimaliza aya hii, mpigie daktari wako au nenda kliniki, umwambie kama ulivyoniambia mimi: natema kidonge. Usifidie ulivyoviacha kwa kumeza viwili viwili. Lithiamu ikizidi mwilini ni sumu. Wala usiendelee kuiacha kimyakimya, kwa sababu kuikata ghafla ndiko kunakoweza kuurudisha ugonjwa haraka, na zaidi hurudisha mania, katika miezi ya mwanzo. Usiogope kwamba daktari atakufokea. Karibu kila mwenye ugonjwa huu ninayemfahamu aliwahi kuacha dawa. Mimi niliacha mara mbili. Na ikiwa yatakujia mawazo ya kutaka kufa, mwamshe mama usiku huohuo, usingoje tarehe ya miadi.

Sasa tumzungumze yule wa zamani.

Mwezi Machi 1948 daktari mmoja wa Australia, John Cade, alimpa lithiamu mgonjwa wake wa kwanza. Mtu huyo alikuwa amepanda kwa miaka mitano, hatulii mchana wala usiku, na wodini walikwisha kumkatia tamaa. Baada ya wiki chache akatulia. Baada ya miezi michache akarudi nyumbani, akarudi na kwenye kazi yake ya zamani. Unajua alifanya nini? Aliacha dawa. Mwaka haujaisha tangu dozi ya kwanza, amerudishwa wodini. Mwaka 1950 alifariki, na mara hiyo ni lithiamu yenyewe iliyomzidi, kwa kuwa siku hizo haikuwa kawaida kupima kiasi chake kwenye damu kama tunavyopimwa leo. Mimi ninapokisoma kisa chake huwa nadhani namjua. Dawa hii na swali lako vina umri mmoja.

Nami nilikuwa na rangi zangu. Nikiwa na miaka 31 niliacha vidonge kwa sababu ileile unayoisema wewe, isipokuwa mimi naandika, sichori. Ndani ya siku tisa nilijaza madaftari saba. Nilikuwa na hakika kwamba hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, hata nilipolazwa niliomba niletewe madaftari kabla ya nguo. Dada yangu hakuyaleta. Aliyafunga kwa kamba akayaweka juu ya kabati, na sikuyagusa mpaka ulipopita mwaka na nusu, siku moja nikiwa peke yangu nyumbani.

Daftari la kwanza lina mwandiko wangu wa siku zote. Kufika la tatu, herufi zimeanza kulala upande, na kalamu imetoboa karatasi mahali pawili. La tano halina sentensi inayomalizika. Kila moja inazaliwa tumboni mwa nyingine kabla haijafika kwenye nukta. La saba, maneno manne yanajaza ukurasa, na ukurasa unaofuata ni yaleyale manne, na unaofuata, na unaofuata. Nilikaa sakafuni nikalia. Kwa mwaka na nusu nilikuwa nimemlilia mwandishi wa madaftari yale kama marehemu aliyenizidi kwa kila kitu, na kumbe hakuwa hata anaweza kufunga sentensi.

Halafu nikaona jambo jingine. Kwenye daftari lile la kwanza kuna aya moja kuhusu mikono ya mama yangu anapokunja nguo. Ni nzuri. Mpaka leo siwezi kuondoa hata neno moja. Ikanijia kwamba nimewahi kuisoma mahali. Nikatafuta shajara yangu ya kawaida nikaikuta, karibu ilivyo, imeandikwa wiki sita kabla ya mania, siku niliyokuwa nimelala vizuri na kumeza vidonge vyangu, siku ambayo pia nimeandika kwamba mgongo unaniuma na nina nguo za kupiga pasi. Ile mania iliichukua ikainakili.

Sasa wewe michoro yako ya usiku nne ipo, sidhani kama mama ameitupa. Usiitazame leo wala wiki hii. Ukishatulia, itandaze tena sakafuni, umwite mtu anayeijua kazi yako, asiwe mtu wa kukusifu tu. Utakuta mingi ni mistari ya kukimbia. Utakuta michache imesimama. Ile michache ndiyo ninayotaka uishughulikie: tafuta lilianza lini wazo la kila mmoja. Tafuta kwenye vijikaratasi vyako vya zamani, kwenye simu, kwenye pembe za vitabu. Siwezi kukuahidi utakayoyakuta. Ila mkono ulioushika ule wino ulikuwa umefundishwa miaka mingi kabla ya usiku zile nne, na mafunzo hayo ugonjwa hauna.

Sitakuambia kwamba hakuna kilichopotea. Kipo. Ile ya kuamka saa tisa usiku ukakuta dunia yote imekunyookea, kila kitu kinaitana na kila kitu, sijaipata tena tangu nilipoacha dawa mara ya pili na kurudi, na hiyo ni miaka 17. Nimeililia, na nilikasirika sana na watu walioniambia nishukuru. Mama yako anaposema umepona anasema alichokiona yeye: binti anayelala, anayejibu akiitwa. Anasema kweli. Na wewe unasema kweli kwamba unaomboleza. Omboleza, mwanangu, bila kumwonea haya mtu. Nakuomba tu usiombolezee kwenye kidonge.

Na kuna kitu ambacho nasikitika hukuambiwa, kwa sababu kingekuokoa miezi. Hiyo karatasi nyeupe isiyoleta kitu huenda si lithiamu inavyotakiwa kuwa. Inawezekana ni dozi iliyo juu kuliko unayoihitaji. Kiwango chake hupimwa kwa damu inayochukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, na wakati mwingine daktari anaweza kukishusha taratibu bila ugonjwa kurudi. Inawezekana ni sonona iliyobaki, kwa kuwa baada ya mania kubwa wengi huanguka, na mtu aliyeanguka hana tofauti sana na unayemweleza. Na inawezekana ni tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Lithiamu inaweza kuipunguza kasi, na tezi ikipungua kasi mtu anachoka, anasikia baridi, mawazo yanakwenda polepole, rangi zinafifia. Ilinitokea nikiwa na miaka 40. Nilikaa karibu mwaka nikiamini kwamba huyo mtu mzito ndiye mimi wa kweli aliyekuwa amejificha chini ya ugonjwa, nikawa hata nimeanza kumzoea. Ilikuwa tezi. Nilipewa kidonge kingine kidogo cha asubuhi, na baada ya miezi miwili nilijikuta naimba nikifua. Kwa hiyo ukienda, usiseme tu "dawa sizipendi". Sema: naomba kupimwa kiwango cha lithiamu, figo na tezi, na mkono unatetemeka, je, tufanyeje? Mtetemo mdogo ni wa kawaida kwa dawa hii na una tiba zake. Lakini ukiwa mkubwa, ukaja pamoja na kutapika, kuyumba au ulimi kuwa mzito, hiyo ni hospitali mara moja. Ukitapika au kuharisha kwa sababu yoyote, ukiwa umepoteza maji mengi, au ukinywa dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, lithiamu hupanda, uliza kwanza.

Kuna sentensi moja katika barua yako niliyoizungushia duara. "Mimi ni bipola, hilo nimelikubali." Sikiliza inavyokaa mdomoni. Mwenye mafua hasemi mimi ni mafua. Mwenye kisukari hasemi mimi ni kisukari, ingawa atakuwa nacho mpaka mwisho. Lugha yetu ina neno dogo sana kwa ajili ya hayo: nina. Nina njaa, nina homa, nina mtoto, nina deni. Kitu ulicho nacho kinaweza kuwa kizito, kinaweza kukaa nawe maisha yote, lakini wewe ndiye uliye nacho. Na hilo jina unalojibandika ni la juzi tu. Mania na sonona vilikuja kuwekwa kwenye ugonjwa mmoja na daktari wa Kijerumani, Emil Kraepelin, mwaka 1899, kwa jina jingine kabisa. Neno bipola liliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa Marekani mwaka 1980. Ni jina zuri, limetusaidia kupata tiba inayofaa. Liliwekwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 40 wenye ugonjwa huu, na kama jina lingekuwa ndilo mtu, basi wote hao wangekuwa mtu mmoja.

Umeniuliza nani anabaki. Barua yako ina mistari iliyokatwa. Mahali ulipoandika "amezikwa" ulikuwa umeandika "amekufa" kwanza, ukafuta, ukatafuta neno linalofaa zaidi. Aliyefuta alikuwa amelala kwa saa nane na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Huyo nimemsoma, na ningependa aniandikie tena baada ya vipimo.

*

Shangazi, shikamoo. Mdogo wangu wa kike ana miaka 24 na ana bipola. Tangu atoke hospitali, nyumba imekuwa kama chumba cha mtihani. Akicheka sana, mama ananitazama. Akinyamaza, baba anauliza kama amemeza dawa. Juzi alinunua gauni la rangi kali, tukafanya kikao. Alitoka chumbani akatuuliza, "Mimi nitaruhusiwa lini kukasirika?" Hakuna aliyemjibu. Tunampenda, na tuliyoyaona alipougua sitaki kuyaona tena. Tunamlinda, au kuna kitu tunamnyang'anya? — Kaka Mkubwa

Marahaba, mwanangu. Mnafanya yote mawili, na ninakuheshimu kwa kuuliza.

Niliporudi nyumbani mara ya kwanza, dada yangu alikuwa akinihesabia vicheko. Hakusema, lakini nilimwona. Ikafika mahali nikawa nacheka chooni. Nakueleza hili ili ujue linakoelekea: mtu anayechunguzwa kila anapoinua sauti hujifunza kuficha, na akishajifunza kuficha furaha ataficha na dalili. Mnaomlinda ndio mtakaokuwa wa mwisho kujua.

Mimi na dada tuliponusurika kugombana moja kwa moja, tulikaa siku moja nikiwa mzima, tukachukua karatasi. Nikamwambia mwenyewe dalili zangu, kwa sababu ninazijua kuliko yeye. Zilikuwa tatu tu. Ya kwanza: nikilala kwa saa tatu au nne tu, usiku mbili mfululizo, na asubuhi sijachoka. Siyo kukosa usingizi na kuchoka, hilo humpata kila mtu. Ni kutolala na kutouhitaji usingizi. Ya pili: nikiwapigia simu watu ambao sijazungumza nao kwa miaka, usiku. Ya tatu: kununua kitu kilekile mara kadhaa. Mwaka nilioacha dawa mara ya pili walikuta chini ya kitanda changu jozi nne za viatu vya aina moja, mbili hata si saizi yangu. Chini ya zile dalili tukaandika atakachofanya dada akiziona: ataniuliza swali moja, "Umelala kwa saa ngapi?", nami nimeahidi kujibu kweli na kwenda naye kwa daktari kesho yake, hata kama naona anaonea. Nikaweka sahihi. Na mwisho wa karatasi, kwa mwandiko wangu, kuna orodha nyingine: yasiyohusika. Kucheka. Kulia kwenye msiba. Kugombana na yeye kuhusu zamu ya kufagia. Nguo yoyote nitakayoipenda.

Karatasi hiyo iko mlangoni kwa ndani mpaka leo, imebadilika rangi. Kwa miaka yote hii dada ameniuliza lile swali mara tano. Mara nne alikuwa sahihi.

Muombe mdogo wako aandike yake. Aandike yeye, ninyi msikilize, wala msimsaidie kukumbuka. Dalili zake zinaweza zisifanane na zangu hata kidogo. Wengine huanza na hasira, wengine na dini, wengine na mapenzi. Kama kliniki yenu ina mafunzo kwa familia, nendeni wote, baba hasa. Mafunzo ya aina hiyo, pamoja na dawa, husaidia kupunguza kurudiwa na ugonjwa, na faida nyingine ni kwamba baba atasikia maelezo kutoka kwa mtu asiye mwanawe.

Kuhusu swali lake, mjibuni. Kikao mlichofanya kwa ajili ya gauni kiiteni tena kwa ajili ya jibu. Mwambieni: leo. Hasira yenye sababu, inayoanza na kuisha, ni yake kama ilivyo yako. Amelazwa wiki kadhaa, rafiki zake wamempita, anameza dawa kila usiku huku nyumba nzima ikimtazama koo. Mimi ningekuwa na hofu zaidi kama asingekasirika.

Na wewe je, kaka mkubwa? Umeandika "tuliyoyaona" ukapita haraka. Nawe tafuta mtu wa kumweleza uliyoyaona, asiwe mdogo wako.

*

Dada, habari za kazi. Nina miaka 51. Miezi minne iliyopita niliambiwa nina bipola. Kabla ya hapo, kwa miaka karibu 20, nilitibiwa sonona tu, na kila nilipopewa dawa za sonona nilipona ghafla mno, nikaanzisha jambo kubwa, likaanguka. Sasa nikiyatazama maisha yangu sioni kilicho changu. Ile biashara niliyoifungua na kuifunga mara tatu, ndoa ya kwanza, kila uamuzi najiuliza: mimi, au ugonjwa? Na kuna rafiki. Nikiwa na miaka 34 nilimkopa akiba yake yote kwa mradi ambao leo naona ulikuwa mania tupu. Sikumrudishia, nikawa namkwepa. Nimwendee nimwambie ulikuwa ugonjwa? Nahofia ataona najitetea, na labda ni kweli. — Mchelewaji

Kaka yangu, pole kwa miaka hiyo. Kilichokupata kinawapata wengi, na si kwa uzembe wako. Mtu hukimbilia hospitali akiwa chini, hakuna anayekwenda kulalamika kwamba ana nguvu nyingi. Daktari akiona sonona anatibu sonona, asipouliza ya nyuma na asipowauliza wa nyumbani. Na dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mwenye bipola zinaweza kumpandisha, kama ulivyojieleza mwenyewe bila kujua. Mweleze daktari wako wa sasa kila kipindi cha "kupona ghafla", na tarehe kama unazikumbuka.

Hiyo kazi ya kupanga maisha yote mafungu mawili, hili langu, hili la ugonjwa, niliifanya kwa miaka na nikaiacha. Haimaliziki. Ndoa yako ya kwanza ilikuwa na watu wawili, na siku za mania, na siku za kawaida, na makosa ya kawaida kabisa ambayo wanaume wasio na ugonjwa wowote huyafanya. Huwezi kuvichambua kama mchele na chuya. Yanayohitaji uamuzi wako leo ni machache, na la rafiki yako ni mojawapo.

Mwendee. Nakuomba uangalie mpangilio wa maneno tu. Ukianza na "nilikuwa naumwa", yeye atakuwa amekwisha kuwa mfariji wako kabla hujataja pesa zake, na hilo si haki. Anza na ulichofanya: nilichukua akiba yako, sikurudisha, nikakukwepa. Kisha sema utalipaje, hata kama ni kidogo kila mwezi, na uwe umeshakuja na cha kwanza mkononi. Ugonjwa uwe wa mwisho, kama maelezo, kwa sababu ana haki ya kuelewa kilichomtokea rafiki yake. Kukopa kulikuwa na mania ndani yake. Kumkwepa miaka yote iliyofuata, ukiwa umetulia, hilo nadhani unajua lilikuwa ni aibu. Vitenganishe hivyo viwili ukiwa mbele yake, na atakuona huji kujitetea.

Kisha mwache aseme atakalosema, au asiseme.

Wakati wa yale madaftari saba nilimtukana rafiki yangu mbele ya watoto wake, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ilinichukua miaka minne kumwandikia. Nilifuata mpangilio huo ninaokupa wewe, baada ya kuchana barua nne nilizozianza na ugonjwa. Alikaa miezi mitano kimya. Kisha ikaja karatasi yenye sentensi mbili: kwamba amesoma, na kwamba mwanawe mkubwa bado anaikumbuka siku ile. Urafiki wetu haukurudi. Ila tukikutana barabarani husimama, ananiuliza hali ya dada yangu, namuuliza watoto, nami sigeuzi tena njia nikimwona kwa mbali.